Msaada wa Mji wa Lwemba kwa Marekani

Katika nchi moja ambayo jina lake bado linangoja kibali cha kutajwa hadharani, kulikuwa na mji uitwao Lwemba, na katika mji huo kulikuwa na mwanamke aliyechoka. Jina lake Stamili Kihwelo. Alikuwa Afisa Itifaki wa Halmashauri ya Mji, maana yake yeye ndiye aliyejua nani akae kwenye kiti chenye kitambaa na nani akae kwenye kiti cha plastiki kitupu, nani atangulie kuingia ukumbini na nani awe wa mwisho kuacha kupiga makofi. Kazi hiyo aliifanya tangu enzi za Meya aliyepita, na za yule aliyempisha huyo, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa kuwasubiri waheshimiwa.

Siku habari ya Haverly ilipofika, Stamili alikuwa amevua viatu chini ya meza. Akaitwa kwa Meya. Akavivaa tena, akaenda.

Mstahiki Meya, Daktari Fumbwe Malangalila, alikuwa amesimama dirishani akiwa ameweka mikono nyuma, kama anavyosimama kwenye picha zake. Udaktari wake alitunukiwa na chuo kimoja cha cherehani baada ya kuwazindulia choo.

"Bi Stamili," alisema, "Marekani imetutafuta."

"Marekani yote, Mheshimiwa?"

"Mji mmoja. Unaitwa Haverly. Wanataka tuwe miji dada."

Neno hilo la mwisho alilitamka kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi.

"Dada!" akarudia. "Bi Stamili, Lwemba ni mji wa kiume. Una stendi ya malori. Una machinjio. Una mimi. Nitasimamaje mbele ya Baraza la Madiwani niwaambie kuanzia leo sisi ni dada wa mtu?"

Stamili alimweleza kwamba ni namna tu ya kusema, kwamba miji mingi duniani imefanya hivyo na haijavaa kanga. Meya hakuridhika. Ikaundwa Kamati ya Kubainisha Jinsia ya Mji, nayo ikaenda kukaa kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa, mbali kabisa na Lwemba, kwa sababu jambo nyeti la mji haliwezi kujadiliwa ndani ya mji wenyewe.

Kamati ilifanya kazi kubwa. Mjumbe mmoja alipendekeza "miji kaka", Mkuu wa Wilaya akauliza kaka mkubwa atakuwa nani, maana mdogo ndiye anayetumwa dukani. Mwingine akaleta "miji mapacha", wakakwama kwenye nani Kurwa na nani Doto. Ikapendekezwa "miji watani", lakini mwanasheria wa halmashauri akatahadharisha kwamba mtani ana haki ya kuja msibani kwako akabeba sufuria ya wali, na Wamarekani wanasifika kwa kutumia kila haki waliyopewa. Mwishowe ikakubaliwa kwamba Lwemba itakuwa mji dada kwa muda, bila kuathiri uanaume wake. Stamili aliandika kumbukumbu za kikao akiwa amelaza shavu kwenye kiganja.

Jioni aliporudi nyumbani alimkuta mdogo wake, Yusta, ameketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akimenya mihogo, bado amevaa sare ya kazi. Yusta alikuwa mkunga wa zahanati ya Lwemba. Si mmoja wa wakunga. Alikuwa ndiye mkunga. Dada hao wawili walikuwa wakiishi pamoja katika nyumba waliyoachiwa na baba yao, na kila mmoja alimjua mwenzake kwa mlio wa kuvua viatu.

"Shikamoo dada. Mji wetu umezaliwa jinsia gani?"

"Marahaba. Wa kike kwa muda."

Yusta alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Kisha akasema, "Leo nimezalisha kwa tochi ya simu tena. Kichwa cha mtoto kinatoka, ujumbe unaingia: Halmashauri inawatakia wananchi wote maadhimisho mema ya Siku ya Umeme. Mwanga ukazimika nikabaki napapasa."

Stamili hakucheka. Yeye ndiye aliyeutuma ujumbe ule, kwa maagizo.

Kesho yake, alipoandaa rasimu ya mambo ambayo Lwemba ingependa kuzungumza na Haverly, aliweka juu kabisa taa za zahanati, na chini yake gari la wagonjwa. Meya alisoma, akakata yote mawili kwa wino mwekundu. "Tunaanza undugu kwa kuomba? Watatuonaje?" Badala yake akaandika: kubadilishana uzoefu wa kiutawala.

*

Wageni walifika wakati wa kiangazi. Uwanja mdogo wa ndege wa mkoa ulipambwa, bendi ya halmashauri ikapangwa, na Meya akasimama mbele na shada la maua kubwa kuliko kifua chake. Ndege ilipofungua mlango, alishuka mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe na raba za kutembelea, akiburuta begi lake mwenyewe. Nyuma yake walishuka wenzake wawili, na nyuma yao bwana mmoja mrefu, suti ya kijivu, miwani myeusi.

Meya alimpita yule mwanamke kama unavyopita nguzo, akamvisha bwana mrefu shada la maua. Bendi ikapiga. Bwana yule alikuwa wakala wa saruji kutoka nchi jirani, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza jina, hakulisema. Aliingizwa kwenye gari la Meya, king'ora kikalia, msafara ukaondoka. Njia nzima alipunga mkono. Walipofika njia panda ya mahali alikokuwa akienda, aliomba kushuka, akashukuru kwa ukarimu, akaondoka na maua yake.

Meya halisi wa Haverly, Bi Doreen Haskett, alipelekwa Lwemba na Stamili kwenye pikapu ya halmashauri iliyokuwa imebeba viti vya plastiki. Walibanana mbele na dereva, huku wale wenzake wawili wakikaa nyuma juu ya viti vilivyopangwa. Stamili alijawa na aibu. Akaanza kuomba radhi kwa Kiingereza cha ofisini. Doreen akamgusa goti.

"Usijali, mpenzi. Mimi asubuhi huwa naendesha basi la shule. Hiki kiti cha mbele nakijua."

"Na umeya?"

"Umeya ni mchana, nikishawafikisha watoto shuleni."

Stamili alimtazama. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alitamani safari iwe ndefu zaidi.

Ukumbini, siku iliyofuata, kosa lilisharekebishwa kwa kutangazwa kwamba halikutokea. Stamili alikaa katikati ya mameya wawili kama mfasiri. Alipomtambulisha mgeni kuwa ni dereva wa basi la shule, Mkuu wa Wilaya alimwinamia sikioni: "Bi Stamili, tafsiri vizuri. Anasema amewahi kuwa Waziri wa Uchukuzi." Ikawa hivyo.

Meya Malangalila alihutubia mpaka barafu ya kwenye maji ya chupa ikayeyuka na maji yakapata joto. Alizungumzia historia ya Lwemba tangu kuumbwa kwa udongo wake. Alisema uhusiano wa miji hii miwili ni daraja, ni ufunguo, ni injini, na baadaye kidogo akasema ni mbolea. Watu walipiga makofi kwa zamu, kama Stamili alivyowapanga.

Kisha akasimama Doreen. Hakuwa na karatasi.

"Nawashukuru kwa kutupokea," alisema, na Stamili akafasiri. "Nataka niseme ukweli mapema, msije mkatutegemea bure. Tulikuwa na kiwanda cha majokofu, kikafungwa. Vijana wakaondoka. Halafu hospitali yetu ikafungwa. Sasa wanawake wetu wakishikwa uchungu wanasafiri mpaka mji wa tatu. Mjukuu wangu alizaliwa kwenye kituo cha mafuta, mama yake amelala kwenye kiti cha nyuma. Hatukuja kuleta kitu. Tumekuja kwa sababu tumechoka kuwa peke yetu, tukasema labda kuna mji mwingine mahali fulani unaojua hali hii."

Stamili alifasiri kila neno, hata hicho kituo cha mafuta. Huko nyuma, wanawake waliojazwa vitini kwa ajili ya kupiga vigelegele walikuwa wakitazamana.

"Bi Stamili," Mkuu wa Wilaya alisema akiuma meno, "tafsiri vizuri."

"Ndivyo alivyosema, Mheshimiwa."

"Marekani haina hospitali?"

"Haverly haina."

Meya Malangalila alikuwa ameinuka tayari. Alitoka nje, wakamwona kupitia dirishani akitembea huku na huku na simu sikioni, kisha akasimama wima kabisa, visigino vimekutana, kama mtu anayeongea na bendera. Aliporudi uso wake uling'aa.

"Ndugu wananchi," alisema, "Mtukufu Kiongozi wa Taifa amepokea taarifa. Ameguswa. Ametoa maelekezo. Kuanzia leo, nchi yetu itaisaidia Marekani."

*

Hakuna aliyewahi kuona furaha kama ile. Redio ya Taifa ilikatisha matangazo ya vifo ili itangaze habari hiyo. Gazeti la Serikali liliandika kwa herufi nene: MAREKANI YAPUMUA. Watoto wa shule walifundishwa wimbo wenye kiitikio kisemacho "Marekani usilie, sisi tupo," wakauimba juani mpaka wawili wakazimia. Walipepewa, wakapelekwa zahanati, na Yusta akawapa maji yenye chumvi na sukari.

Kamati ikakaa kuamua msaada uwe nini. Ngoma zilikataliwa, mikeka ikakataliwa, vinyago vikaonekana ni vya watalii. Meya ndiye aliyepata ufumbuzi. "Shida yao ni uzazi. Tuwape mkunga."

Stamili aliacha kuandika kumbukumbu. "Mheshimiwa, tunaye mmoja."

"Ndiyo maana ni zawadi. Mtu hatoi anachokipuuza."

Ukumbini, uamuzi uliposomwa, Doreen alishika kipaza sauti kabla hajapewa. "Hapana, subirini. Ninyi mtabaki na nani?"

Stamili alimgeukia Meya, akauliza kwa Kiswahili. Meya akatabasamu kwa kamera.

"Mwambie wakunga tunao wengi mno. Wengine hata hatujui tuwapeleke wapi."

Stamili akafasiri. Doreen alimtazama yeye, si Meya.

"Hayo ni yake. Wewe unasemaje?"

Mkuu wa Wilaya alikuwa amemkazia macho. Kamera zilikuwa zimemgeukia.

"Mimi ni mfasiri," Stamili alisema.

Alirudi nyumbani kwa miguu ingawa gari lilikuwepo. Yusta alikuwa amekaa mezani, mikono mitupu, hajawasha hata jiko.

"Waliniuliza mbele ya kamera kama nimekubali," alisema. "Nikasema ndiyo. Nilidhani nitasema hapana, dada, nilikuwa nimeishaipanga ile hapana kinywani."

"Unaweza kukataa bado. Nitakusemea."

"Wewe?" Yusta alisema bila ukali. "Dada, wewe umechoka kuliko mimi." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Yule bibi alikuja zahanati jana, peke yake, akashika ndoo akanisaidia kupiga deki. Akaniambia kwao kuna chumba nyuma ya kanisa, kina taa. Nikawaza, ningependa nizalishe mtoto hata mmoja nikiuona uso wake anapotoka. Ni dhambi kutaka hivyo?"

"Si dhambi."

"Basi usinitazame hivyo."

Stamili alimsindikiza mpaka mlango wa ndege, kwa kuwa ndiyo itifaki. Bendi ilipiga. Meya alimvisha Yusta skafu ya rangi za taifa, na mpiga picha akaomba amvishe tena kwa sababu ya kivuli. Katikati ya kuvishwa mara ya pili Yusta akamtafuta dada yake kwa macho, na Stamili, aliyekuwa amebeba sinia ya skafu za akiba, akashindwa kupunga mkono.

Kwenye mlango wa zahanati likabandikwa tangazo: HUDUMA YA UZAZI IMESAFIRI KIKAZI. WAJAWAZITO WANAOMBWA KUWA NA SUBIRA.

*

Ili ushirikiano usisahaulike, halmashauri iliamua kusimamisha bango kubwa kando ya barabara itokayo Lwemba kwenda makao makuu ya mkoa. Bango lilikuwa na picha ya Meya, na mshale wa kuonyesha Haverly iliko. Mshale ulizungushwa mara kadhaa na wataalamu, kila mtaalamu na upande wake, hatimaye ukaachwa unaelekea machinjioni.

Waziri mwenyewe alialikwa kulizindua. Kwa hadhi ya Waziri, utepe haukufungwa kwenye bango bali ulivutwa kukatisha barabara nzima, mti hadi mti, na barabara ikafungwa tangu asubuhi. Polisi wakapangwa. Bendi ikapewa maelekezo: utepe ukidondoka, pigeni. Watoto wakaambiwa: bendi ikipiga, imbeni. Stamili akasimama pembeni na sinia yenye mto wa mahameli, na juu ya mto mkasi.

Waziri alikuwa njiani. Jua lilipanda. Watoto walikaa chini, wakainuliwa, wakakaa tena.

Ndipo ikaja bajaji kwa mwendo wa kasi, ikafunga breki mbele ya utepe. Nyuma alikuwamo Mwashamba, mke wa fundi baiskeli wa sokoni, amejikunja, ameuma kitambaa. Pembeni yake mama mkwe wake, amemkumbatia. Walikuwa wametoka zahanati, wamesoma tangazo, na sasa walikuwa wakielekea hospitali ya mkoa.

"Barabara imefungwa," polisi alisema. "Hadi mgeni rasmi afike."

"Na sisi tuna mgeni," mama mkwe akajibu. "Yuko njiani pia, mwanangu, na huyu hajui itifaki."

Polisi akamtazama Meya. Meya akatazama saa, akatazama bajaji, akapunguza sauti: "Mwambieni ajitahidi kidogo. Waziri ameshavuka daraja."

Mwashamba alitoa sauti. Stamili aliwahi kuisikia sauti hiyo kupitia ukuta wa zahanati mara nyingi, alipokuwa akimpelekea mdogo wake chakula, na kila mara nyuma yake ilifuata sauti ya Yusta, taratibu, ikisema mama pumua, mama niko hapa. Safari hii alisubiri, na hakuna kilichofuata.

Baadaye hakukumbuka jinsi alivyouchukua mkasi. Alikumbuka tu kwamba sinia ilianguka na kupiga kelele, na kwamba utepe ulikuwa mgumu kuliko alivyodhani, kwa hiyo aliukata mara mbili.

Utepe ulidondoka. Bendi, kama ilivyoelekezwa, ikapiga. Watoto, kama walivyoelekezwa, wakaimba "Marekani usilie". Watu wote, kwa mazoea ya miaka, wakapiga makofi, na baadhi ya wanawake wakapiga vigelegele visivyokuwa vya kupangwa. Katikati ya shangwe hiyo bajaji ikapita.

Waziri alifika muda si mrefu baadaye. Walijaribu kuufunga utepe fundo. Waziri akaliangalia lile fundo, akasema yeye hakati utepe uliokwisha tumika, akapanda gari akarudi.

*

Shauri la Stamili lilisikilizwa na kamati ya wazee wenye suti. Kosa: kuzindua bila kuteuliwa. Aliulizwa ajitetee. Akasema amechoka, na kama kuna kiti angeomba akae. Hakikuwepo.

Lakini mwanasheria akaibua tatizo. Kwa sheria za nchi hiyo, utepe ukikatwa na bendi ikapiga, uzinduzi umekamilika na hauwezi kurudiwa. Na kwa kuwa bango la hadhi ile haliwezi kuzinduliwa na mtu aliye chini ya Naibu Waziri, basi ama bango libomolewe, pamoja na picha ya Meya, ama ithibitike kwamba aliyekata utepe alikuwa Naibu Waziri.

Meya alifikiri kwa uchungu mkubwa. Barua ikapelekwa juu, ikarudi imesainiwa. Stamili Kihwelo aliteuliwa kuwa Naibu Waziri, uteuzi ukianza pale mkasi ulipogusa utepe na kukoma utepe ulipogusa ardhi. Papo hapo akashukuriwa kwa utumishi wake, na papo hapo akafukuzwa kazi ya Afisa Itifaki kwa utovu wa nidhamu. Alikusanya kikombe chake na ndara zake za ofisini, akaenda nyumbani.

Mwashamba alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kike. Wiki hiyo Yusta alipiga simu. Alisema kule kuna baridi ya kukata masikio, na kwamba ameshazalisha watoto wawili nyuma ya kanisa, taa zinawaka mpaka anaona kope zao. Kisha akauliza, "Na huko, dada, nani anazalisha?"

"Wanaenda mkoani," Stamili alisema. "Kama wa Haverly walivyokuwa wakienda."

Yusta alilia kwenye simu. Stamili alimngoja amalize, akamuuliza kama anakula vizuri.

Asubuhi moja mlango wake uligongwa. Alikuwa yule mama mkwe wa Mwashamba, na nyuma yake bajaji, na ndani ya bajaji binti mwingine ameshika tumbo.

"Mama, mimi si mkunga," Stamili alisema. "Mkunga alikuwa mdogo wangu."

"Tunajua. Barabarani wamefunga tena, kuna msafara wa Meya. Lakini nimeulizia. Wanasema Naibu Waziri mstaafu hazuiwi popote. Sheria."

Stamili alisimama mlangoni akiifikiria sheria hiyo. Ilikuwa kweli, yeye mwenyewe aliwahi kuichapa. Miguu ilimuuma. Akarudi ndani, akavaa gauni lake la sherehe, akavaa viatu, akapanda kiti cha nyuma pamoja na binti.

Pale kizuizini polisi aliinua mkono, kisha akamtambua. Aliwageukia wenzake, akawanong'oneza. Wakapanga mstari. Kamba ikashushwa, na wote kwa pamoja wakapiga saluti.

Stamili aliinua mkono mmoja kuwajibu, kama inavyotakiwa. Mkono wa pili ulikuwa umeshikwa na yule binti, aliyekuwa akiubana kwa nguvu zake zote, na bajaji ikaongeza mwendo.